Miraba Usoni mwa Baba

Ngazi za kupanda kwa Fundi Taa zilikuwa thelathini na mbili, na magoti ya Inspekta yalizihesabu moja baada ya nyingine. Alikuwa amestaafu upolisi miaka sita iliyopita, akafungua ofisi yake ndogo ya upelelezi, ila watu waliendelea kumwita Inspekta, na yeye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Mfukoni mwa koti alikuwa na flashi ndogo yenye faili moja tu. Saa yake ilionyesha saa tatu na robo asubuhi. Saa kumi alasiri familia ya marehemu ingekaa kikao, na kabla ya hapo alitakiwa kujua jambo moja: siku ya harusi ya mwanawe, mzee yule alisema nini kuhusu nyumba.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza, nzito kuibeba. Mzee alikuwa fundi wa samani. Alifariki miezi mitatu nyuma bila kuandika wosia, akaacha mjane, mwana mkubwa ambaye ni seremala kama yeye, na binti muuguzi aliyemlisha na kumgeuza kitandani kwa miaka tisa ya kiharusi. Muuguzi na mama yake waliishi kwenye nyumba ya mzee. Seremala alitaka kuibomoa ajenge ghala. Mama angehamia kwake, dada mtu angejua mwenyewe pa kwenda. Muuguzi alishikilia kwamba Baba alikwisha kuigawa nyumba ile hadharani, kwenye harusi ya huyo huyo kaka, miaka ishirini na miwili iliyopita. Kaka akasema sawa, tuitazame video. Wakaitazama. Mzee alisimama na kipaza sauti mkononi, akasema: "Siku nikiondoka, nyumba hii itabaki kwa mwanangu mkubwa, bwana harusi wetu!"

Ila katikati ya sentensi hiyo uso wa mzee uliyeyuka. Kwa sekunde kadhaa ukawa viraka vya mraba vinavyotambaliana, kisha ukarudi, mzee anacheka, watu wanapiga makofi.

"Ni ukungu," Seremala aliwaambia ndugu zake. "Kanda ilikuwa imeota ukungu."

Muuguzi alipokuja ofisini kwa Inspekta jana yake, alikuwa bado amevaa sare za kazini. "Sikuja ili umfunge kaka yangu," alisema. "Nataka tu kumsikia Baba mpaka mwisho wa sentensi."

Mlango wa Fundi Taa ulikuwa wazi. Chumba kilinuka vumbi la moto, ile harufu ya mashine zilizowashwa muda mrefu, na Inspekta alisimama kizingitini akiivuta kwa matundu yote mawili ya pua. Kanda zilipangwa ukutani mpaka darini, kila moja imeandikwa ubavuni kwa kalamu nene. Zamani kila mtaa ulikuwa na duka la aina hii. Mtu alikuwa hapangi tarehe ya kuoa mpaka aulize mpiga video ana nafasi Jumamosi ipi. Na mpiga video akija, anakuja na taa yake kubwa: bibi harusi anatokwa jasho, mashangazi wanaweka vilemba sawa kabla mwanga haujawafikia, wajomba wanaficha chupa. Inspekta mwenyewe alioa mbele ya taa hiyo, na mkewe, Mungu amrehemu, alilalamikia macho yake wiki nzima. Alizitamani siku zile. Alizitamani waziwazi, na hakuona aibu.

"Ingia basi," sauti ilisema kutoka nyuma ya kompyuta. "Au unasubiri niwashe taa?"

Fundi Taa alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kamba ya kiatu. Taa yenyewe ilisimama pembeni, imefunikwa taulo.

"Nimekuletea mgonjwa," Inspekta alisema, akampa flashi.

Fundi aliichomeka, akafungua faili, akaenda moja kwa moja kwenye hotuba. Aliitazama miraba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Nani amesema huu ni ukungu?"

"Mwenye video."

"Muulize ukungu umejifunzia wapi kuchora miraba." Fundi aligonga kioo kwa kucha. "Sikiliza. Kanda ikiugua, inatoa mistari ya kulala, inatoa chenga, na sauti inavutika kama mtu mwenye usingizi. Ugonjwa wa kanda ni mistari. Miraba ni ugonjwa wa faili. Kwa hiyo hiki kitu kilitokea baada ya kanda kugeuzwa kuwa faili. Si kabla."

"Nani aliigeuza?"

"Mimi. Na harusi niliipiga mimi. Ngoja."

Alivuta daftari nene lenye mgongo mwekundu. Kila kazi aliyowahi kufanya ilikuwa humo, kwa mwandiko wa mtu aliyechapwa sana shuleni, na si jina la mteja tu: mipangilio yote. Inspekta aliona safu zake na akampenda zaidi rafiki yake. Angepata askari watatu wa kuandika hivi, angestaafu mapema.

"Hii hapa," Fundi alisoma. "Miaka kumi na miwili iliyopita. Mzee aliileta mwenyewe, deki yao ilikuwa imekufa. Umbo la picha, nne kwa tatu, sikutanua. Siku hizi wanatanua ijaze skrini pana, bibi harusi anakuwa na mashavu ya mtu aliyeumwa na nyuki. Fremu, ishirini na tano kwa sekunde, kama zilivyorekodiwa. Kiwango cha data, cha kati, maana alitaka yote iingie kwenye diski moja. Sauti sikuigusa. Picha mama, kila sekunde kumi."

"Picha mama ndiyo nini?"

"Ah, hapo sasa." Fundi alizungusha kiti. "Ukibana video, mashine haihifadhi kila picha nzima. Ingekuwa hivyo, harusi moja ingejaza kabati. Inaweka picha moja kamili, ukuta, viti, watu, kila kitu. Hiyo naiita mama. Zinazofuata inaandika kilichobadilika tu: mkono umeinuka, mdomo umefunguka. Ukuta ni ule ule, uuandike tena wa nini? Hao ni watoto. Wanamtegemea mama yao mpaka mama mwingine afike. Mimi nilichagua aje kila baada ya sekunde kumi, faili liwe jepesi."

"Na mtu akikata katikati?"

"Watoto wa upande wa pili wanabaki hawana mama. Wananing'inia kwenye picha isiyo yao, na ndiyo unaona miraba hiyo, mpaka mama anayefuata atokee awaokoe." Fundi alitabasamu bila furaha. "Na huyu mkataji alikuwa na haraka. Programu inauliza: nikate nibane upya, au nikate hivi hivi? Ukichagua kubana upya, kovu halionekani, ila kwa mashine za wakati ule unasubiri mpaka jioni. Yeye alichagua hivi hivi."

Inspekta aliandika. "Urefu wake?"

"Nilimkabidhi saa moja na dakika hamsini na mbili."

Wote wawili walitazama chini ya skrini. Saa moja na dakika arobaini na sita.

"Labda kubana ndiko kumepunguza," Inspekta alisema.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Kubana kunapunguza uzito! Nguo ukizikandamiza kwenye sanduku, shati linapoteza mkono?"

Inspekta alikwisha kusimama, kofia mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, alijisemea, na hii ilikuwa fupi kuliko kawaida yake. Alikuwa na kovu, alikuwa na dakika zilizopotea, alikuwa na mtu aliyefaidika. Kabla ya saa sita angekuwa amemaliza.

"Kaa," Fundi alisema.

"Nimeona ninachokitaka."

"Umeona unachokitaka, ndiyo maana nasema kaa. Mtu anaitaja nyumba kwa muda gani? Dakika moja, akiwa na domo. Zilizopotea ni sita. Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Inspekta akakaa. Katika miaka thelathini ya kazi, makosa yake yote makubwa aliyafanya akiwa na kofia mkononi.

Fundi alifungua programu nyingine, ikatoa orodha ya picha mama zote kwenye faili, kila moja na saa yake. Alianza kuzisoma kwa sauti, na Inspekta akawa anaweka alama. Kumi, kumi, kumi, kumi. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na wote wawili waliipenda. Kumi, kumi, saba.

"Hapo!"

Walipomaliza, makovu yalikuwa matano. Waliyafuata moja moja. La kwanza lilikuwa getini, magari yanaingia. La pili kwenye kona ya mashangazi. La tatu wakati wa kukata keki. La nne ndilo la hotuba. La tano, na ndilo refu kuliko yote, lilikuwa kwenye dansi. Miraba yenyewe ilikuwa ya kupita upesi. Mtu anayetazama huku anakunywa chai asingeijali.

Inspekta alikuna shavu. "Mwizi wa nyumba ana kazi gani na keki?"

"Ndiyo nakuuliza wewe mpelelezi."

"Rudisha kwenye hotuba. Polepole, picha kwa picha."

Kabla ya kovu: mzee amesimama, kipaza sauti mkono wa kulia, mkono wa kushoto umelala mezani, mtupu. Miraba. Miraba. Halafu mama anayefuata akafika, picha ikasafika, na mzee alikuwa anacheka. Mkono wa kushoto haukuwa mtupu tena.

"Kuza hapo."

Kilikuwa kiatu. Kiatu kimoja cheupe, kidogo, cha kamba, cha mtoto wa miaka mitatu au minne. Mzee alikuwa amekishika kama mtu aliyekabidhiwa kitu na hajapata nafasi ya kukirudisha.

"Mwenye kiatu yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

Waliipitisha harusi yote kwa kasi. Watoto walikuwepo, wakubwa wakubwa, wanakimbizana. Mwenye viatu vyeupe hakuwepo. Lakini kwenye keki bibi harusi alikuwa anatazama chini, kimo cha goti, anamwambia mtu kitu.

Fundi Taa alivua miwani.

"Chiriku," alisema.

"Nani?"

"Inspekta, mimi nina tabia moja, marehemu mke wangu aliita ni ugonjwa. Kila kanda niliyogeuza, niliitazama mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Ukiruka, mashine inakudanganya. Nimehudhuria harusi mia nne ambazo sikualikwa." Alifuta miwani kwa shati. "Kwenye hii kulikuwa na katoto ka kike. Kila nikiwasha taa, kanavua kiatu kimoja. Baba yake alikaita Chiriku, maana kalikuwa hakanyamazi. Nusu ya ile hotuba kalihutubia kenyewe. Hakamo. Nilimpa mzee faili lenye huyu mtoto, na humu hayumo."

Inspekta alitoa simu akampigia Muuguzi. Alimuuliza swali moja, Chiriku ni nani, na kelele za wodini zikafifia, kana kwamba Muuguzi amesogea pembeni.

"Nani amekutajia jina hilo?" Muuguzi aliuliza.

"Mtu aliyempiga picha."

"Mdogo wangu. Alikuwa na miaka minne siku ya harusi. Mwaka uliofuata akapata homa, siku tatu tu. Nyumbani hatumtaji. Ile video hatukuwahi kuitazama wote pamoja mpaka baada ya msiba wa Baba. Nilivyoona hayumo, nilidhani kamera haikumpata."

"Ilimpata, mwanangu," Inspekta alisema. "Ilimpata mara tano."

Karakana ilikuwa nyuma ya soko, na saa sita mchana misumeno ilikuwa imenyamaza. Seremala, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mabega ya baba yake, alikuwa peke yake akipiga msasa mguu wa meza. Hakuinua kichwa.

"Nimeshasema ni ukungu, Mzee wangu."

"Ukungu haukati keki."

Msasa ulisimama.

"Ulikata sehemu tano," Inspekta alisema. "Geti, kona ya mashangazi, keki, hotuba, dansi. Nilipofika kwa Fundi nilidhani umemkata dada yako. Kumbe ulikuwa unamkata mwingine."

Seremala aliuweka mguu wa meza chini taratibu. Aliketi kwenye rundo la mbao, akaanza kujichomoa kidoleni kibanzi ambacho Inspekta hakukiona.

"Mama aliniomba," alisema. "Baba alirudi na ile diski, ana furaha, akaiweka. Mama akatazama mpaka pale getini, akamwona. Siku mbili hakula. Baba aliposafiri Mama akaniita. Akaniambia, mwanangu, nitolee huyu mtoto humu ndani. Wageni wakija waione harusi yako, lakini mimi nisimwone. Ungefanyaje wewe?"

"Ningekata."

"Nilikata mchana mmoja. Baba alivyorudi akaitazama yote, akazima, akaenda kulala. Hakuwahi kuniuliza."

"Na sauti? Ulipokuwa unakata ulisikia anachosema?"

"Nilizima sauti. Kile kisauti..." Seremala alitikisa kichwa. "Hapana. Nilizima."

"Siku ya harusi yenyewe ulikaa hatua mbili kutoka kwa baba yako."

"Inspekta, wewe si umeoa? Hotuba uliisikia?"

Inspekta alijaribu kukumbuka hata neno moja. Alichokumbuka ni taa, na mkono wa mkewe ukiwa umelowa jasho ndani ya wake. "Sikusikia," akakiri. "Lakini baada ya msiba mlipoitazama wote, uliiona miraba. Ulijua mkasi wako umepita pale pale."

Seremala aliokota msasa, akaukunja mara mbili.

"Nilijua," alisema. "Nikajiambia Baba amesema kama nilivyosikia kwenye video. Lilikuwa linanifaa. Nikaona ni heri nisijue zaidi."

"Kanda yenyewe iko wapi?"

"Mama aliitupa zamani."

"Ulimwona akiitupa?"

"Aliniambia."

"Saa kumi uwepo," Inspekta alisema, akavaa kofia. "Na ukungu wako uuache huku huku."

Mjane alimpokea sebuleni, saa nane na nusu. Ilikuwa sebule ya mtu aliyeolewa na fundi: viti, meza, fremu za picha, vyote vilitoka mkono mmoja. Inspekta alimsalimia kwa heshima, akaketi, akamwambia yote aliyoyajua bila kuzungusha. Bibi alisikiliza, mikono imelala mapajani.

"Kwa hiyo umekuja kunifukua," alisema.

"Nimekuja kuomba kanda, Mama."

"Niliitupa."

Inspekta alikuwa akilitazama kabati lililosimama karibu na dirisha, kabati la droo nne zenye vishikio vya shaba. Vishikio vitatu vilikuwa vimefifia, vimeota kijani pembeni. Cha nne, cha chini kabisa, ambacho mtu wa umri ule asingekifikia bila kupiga magoti, kilikuwa kinang'aa kana kwamba kimenunuliwa jana.

"Mama," alisema, "mtu anayetaka kusahau anatupa harusi nzima. Hatoi dakika sita kwa uangalifu, sehemu tano, halafu aache zilizobaki. Na ile droo inafunguliwa kila siku."

Bibi alishuka magotini, polepole, akakataa mkono wa Inspekta, akafungua droo. Ndani ya kitambaa kilichofuliwa mpaka kikawa laini kulikuwa na kanda. Kando yake kulikuwa na kiatu cheupe.

"Deki ilikufa," alisema. "Sina pa kuichezea. Huwa naishika tu." Alifuta kasha la kanda kwa kiganja. "Mimi wakati wa hotuba nilikuwa jikoni. Mama wa bwana harusi anakaa kitako? Hayo maneno sikuyasikia. Lakini nikimwona huyu, Inspekta, nitakufa."

"Mwisho wa mwezi binti yako aliye hai atakuwa anatafuta chumba."

Aliyasema kavu, na alijichukia kwa namna alivyoyasema. Bibi alifumba macho. Halafu akamkabidhi kanda, ila kiatu akabaki nacho.

Saa kumi Fundi Taa aliingia na deki aliyoifunga kwa shuka, kompyuta begani. Mjomba mtu, mwenyekiti wa kikao, alikuwa ameshika kiti cha kati. Muuguzi aliketi karibu na mlango. Seremala alibaki amesimama. Fundi alifungua kifuniko cha kanda, akaitazama kwenye mwanga, akaguna.

"Ukungu kidogo upo kweli, hapa pembeni," alisema, na akamtupia Seremala jicho. "Mtu hasemi uongo mtupu. Unachosha."

Akaisafisha kwa pamba na subira. Akaunganisha nyaya, akabonyeza kitufe cha kurekodi kwenye kompyuta, kisha cha kucheza kwenye deki. Bibi aliomba kiti chake kigeuzwe, akaupa mgongo ukuta wa televisheni.

Mistari. Chenga. Sauti ikavutika, ikajisahihisha, na geti likafunguka mwaka ule wote ukiwa ndani: magari yenye maua, akina mama wembamba, wanaume wenye nywele. Chini ya miguu yao yote akapita Chiriku, amevaa kiatu kimoja, anawaeleza wageni waegeshe wapi.

"Wewe usipite hapo, kuna matope!"

Muuguzi aliziba mdomo. Mabega ya Bibi yaliruka mara moja, yakatulia. Hakugeuka.

Ikafika hotuba. Mzee akasimama, mzima, mikono yake yote miwili inafanya kazi.

"Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Na leo mbele yenu nasema, siku nikiondoka, nyumba hii itabaki kwa... ngoja, ngoja. Nani amekuvua kiatu wewe?"

"Mwenyewe. Kinanibana."

"Lete hapa. Njoo." Wageni walicheka. Mzee alimwinua, akamweka begani, kiatu mkono wa kushoto. "Haya. Nyumba itabaki kwa binti zangu hawa wawili. Mtoto wa kike hata akiolewa, awe na mlango wa kuingia bila kubisha hodi."

"Na mimi niongee!"

"Ongea."

"Na mimi napenda nyumba!"

"Mmesikia. Sasa shuka, nenda kwa dada yako. Na karakana, na misumeno yake yote, ni ya mwanangu mkubwa, bwana harusi wetu!"

Makofi yalilipuka kwenye kioo. Sebuleni hakuna aliyepiga. Na hapo ndipo watu walipogundua kwamba kiti cha Bibi kilikuwa kimegeuka. Alikuwa anatazama, machozi yanatiririka mpaka kidevuni, na alikuwa hafi. Alikuwa anacheka.

"Kinanibana," alirudia. "Ni kweli. Nilikinunua kidogo."

Seremala alipiga hatua tatu, akachuchumaa mbele ya dada yake. "Nilijua kuna kitu pale," alisema. "Nisamehe. Nyumba ni yako."

Muuguzi alimshika kichwa, kama alivyokuwa akimshika baba yao wakati wa kumnyoa. Mjomba alijikohoza, akatangaza kwamba marehemu amesema na kikao hakina la kuongeza, akatoa leso.

Waliiacha kanda icheze mpaka mwisho wa dansi, na dansi ilikuwa ya Chiriku mtupu. Ilipokwisha, Fundi Taa alivuta kompyuta, akafungua dirisha la mipangilio, akafungua daftari lake kwenye ukurasa mpya.

"Mama," alisema, "sasa iko humu yote, nzito. Kanda hii sidhani kama itacheza tena. Nibane kiasi gani? Nikibana sana itaingia kwenye simu, kila mtu atembee nayo. Nikibana kiasi itaingia kwenye diski moja, kama zamani."

"Ukibana, yeye anabaki?"

"Anabaki. Ila vitu vidogo vidogo vinafifia. Kope, vinywele vya paji la uso. Jicho la kawaida halioni."

"Langu si la kawaida," Bibi alisema. "Usibane."

"Litakuwa faili kubwa mno, Mama. Litakula diski nzima, na haiendi popote hiyo, itabaki imekaa tu hapa."

Bibi alikiweka kile kiatu juu ya deki, ambayo ilikuwa bado ina joto.

"Iache ikae," alisema. "Nyumba ina nafasi."

Fundi Taa alichukua kalamu. Umbo, nne kwa tatu. Fremu, ishirini na tano. Alipofika mahali pa picha mama, ambapo miaka yote aliandika sekunde kumi, akaandika: zote.